Nyongeza za gemu za RPG: ulipe sasa, usubiri, au uachane nazo?

Swali hili hutufikia kwa maneno tofauti tofauti, lakini kiini chake ni kimoja: gemu nilinunua, nikaicheza, sasa naambiwa kuna nyongeza ya dola 40. Hiyo ni pesa ya kutoa kweli?

Tukitumia shilingi 130 kwa dola moja ili hesabu iwe rahisi, dola 40 ni shilingi 5,200. Hapa kwetu hizo si pesa za kuchezea, hata kama ni za kununua kitu cha kuchezea. Kuna mtu analipa kodi ya chumba kwa hizo. Kwa hivyo tutasema wazi tangu mwanzo tunavyoona sisi: nyongeza kubwa za gemu chache zina thamani kuliko hata gemu nyingi mpya, nyongeza ndogo ndogo karibu zote ni hasara, na pesa nyingi hupotea kwa sababu mtu alilipia kitu ambacho hawezi kukifungua. Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu zaidi, na tutalirudia huko mbele.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. RPG ni zile gemu ambazo unachukua mhusika mmoja, unamlea kama mtoto, anapanda viwango, anapata silaha na ujuzi, na hadithi inabadilika kulingana na unavyoamua. Si kama gemu ya mpira ambayo mechi ikiisha imeisha. Mtu anaweza kukaa na RPG moja miezi mitatu. Nyongeza, au DLC kama wachezaji wanavyoiita, ni kipande unachokipakua baadaye na kukiunganisha na gemu uliyo nayo tayari. Bila gemu yenyewe, nyongeza haifanyi kazi. Inaonekana jambo la kawaida kusema hivyo, lakini kuna watu hununua nyongeza kwa sababu bei yake ni ndogo, wakidhani wamepata gemu nzima kwa nusu bei.

Sasa, si nyongeza zote ni ndugu. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa gemu ya The Elder Scrolls IV: Oblivion. Wiki chache baadaye, mwezi wa Aprili, wakaanza kuuza vazi la chuma la farasi kwa dola 2.50. Vazi tu. Farasi wako anapendeza, safari ni ile ile. Wachezaji walicheka, wakakasirika, na hadi leo "vazi la farasi" ni mzaha katika dunia ya gemu. Lakini kampuni hiyo hiyo, kwa gemu hiyo hiyo, mwaka uliofuata ilitoa Shivering Isles kwa dola 30: nchi nzima mpya, ya mtawala mwendawazimu, yenye watu wake, wanyama wake na hadithi yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Walioinunua wengi hawakulalamika. Ukikumbuka mifano hiyo miwili una kipimo kizuri mkononi. Ukiona nyongeza, jiulize: hili ni vazi la farasi au ni nchi mpya?

Nchi mpya iliyopikwa ikaiva

Kama tungeombwa tutaje nyongeza moja tu ya kununua bila kusitasita, tungetaja mbili, na zote ni za The Witcher 3: Wild Hunt. Gemu hiyo ilitengenezwa Poland na CD Projekt Red, ikatoka Mei 2015. Unacheza kama Geralt, mwindaji wa majini na mazimwi wa kukodiwa, mtu wa maneno machache anayelipwa kwa kazi na kuendelea na safari. Kwanza kampuni ilitoa nyongeza ndogo 16 bila kulipisha hata senti. Nguo, kazi fupi fupi, mitindo ya nywele. Yaani vile vitu ambavyo wengine wangevitoza, hawa walivipeana.

Kisha Oktoba 2015 ikaja Hearts of Stone, dola 10. Mei 2016 ikafuata Blood and Wine, dola 20. Ya kwanza ilitangazwa kuwa ya saa 10 hivi, ya pili saa 20. Piga hesabu: shilingi 1,300 kwa saa 10, shilingi 2,600 kwa saa 20. Zote mbili ni shilingi 130 kwa saa.

Lakini hesabu ya saa haitoshi, na hapa tunatofautiana na wale wanaopima gemu kama nyama, kwa kilo. Kuna nyongeza zinazokupa saa 30 za kukimbia huku na kule ukiokota majani na kuua fisi wale wale. Saa zipo, raha hakuna. Hearts of Stone ni fupi, lakini inahusu mtu aliyefanya makubaliano na mfanyabiashara wa ajabu, akapata kila alichotaka, na sasa siku ya kulipa imefika. Mkataba wenye maandishi madogo, kwa kifupi. Kuna sehemu ambapo Geralt anatumwa kwenye harusi akiwa amekaliwa na roho ya marehemu anayetaka kusherehekea usiku mmoja wa mwisho, na mwenye mwili hana la kufanya. Mtu aliyekulia kijijini, ambako kila harusi ina mjomba wa namna hiyo, atacheka zaidi kuliko Mzungu.

Blood and Wine nayo inakupeleka Toussaint, nchi ya mashamba ya mizabibu, mashujaa wenye majivuno na jua kali, baada ya masaa mengi ya vita, matope na mvua kwenye gemu yenyewe. Unapewa nyumba na shamba. Geralt, aliyekuwa akilala popote usiku ulipomkuta, anapata mahali pa kutundika upanga. Nyongeza hiyo ilishinda tuzo ya RPG bora ya mwaka kwenye The Game Awards ya 2016, ikizishinda gemu kamili. Jambo la namna hiyo halitokei mara nyingi.

Na sasa sehemu ya mfuko: gemu hii ni ya zamani, kwa hivyo toleo kamili lenye gemu na nyongeza zote mbili huuzwa kwa punguzo kubwa mara kadhaa kwa mwaka. Kama hujawahi kuinunua, usianze kwa kununua vipande. Tafuta lile toleo kamili. Mtu anayelipa gemu kivyake, Hearts of Stone kivyake na Blood and Wine kivyake mara nyingi hutoa zaidi kuliko aliyesubiri na kuchukua kifurushi.

Umelipa, lakini mlango umefungwa

Twende kwa ile ya dola 40, kwa maana ndiyo inayoulizwa sana. Elden Ring ya FromSoftware ya Japani ilitoka Februari 2022. Nyongeza yake, Shadow of the Erdtree, ilitoka tarehe 21 Juni 2024. Kwa ukubwa wake hatuna ubishi nayo. Ni ramani nzima, mabosi wengi, silaha za aina ambazo hazikuwepo. Watu waliipenda hadi ikateuliwa kuwania tuzo ya gemu ya mwaka, jambo lililozua mjadala kwa sababu ni nyongeza, si gemu.

Shida ni kwamba huwezi kulipa, kupakua, na kuingia. Ili uingie lazima uwe umewashinda mabosi wawili wa gemu yenyewe: Radahn na Mohg. Radahn ni bosi ambaye wengi hukutana naye katikati ya safari. Mohg ni hadithi nyingine. Amejificha mahali ambapo unaweza kumaliza gemu nzima bila kupaona, na ukimpata anakuchapa vilivyo. Kwa hivyo kuna mtu aliyelipa shilingi 5,200 Ijumaa jioni, akamaliza bando lake kupakua, halafu akagundua kwamba bado ana masaa 40 ya kazi kabla mlango kufunguka. Wengine hawajaufikia hadi leo. Pesa imekwenda, nyongeza imekaa kwenye diski kama sufuria mpya ambayo haijapikiwa.

Na hata ukiingia, nguvu ulizojilimbikizia haziendi mbali. Huko ndani kuna vipande vya mti ambavyo lazima uvitafute ndipo upate nguvu zinazofanya kazi katika nchi hiyo tu. Wiki ya kwanza watu walilalamika sana kwamba mabosi ni wagumu kupita kiasi, na siku chache baadaye watengenezaji walitoa sasisho lililofanya vipande vile vya mwanzo viwe na nguvu zaidi. Ikiwa Elden Ring yenyewe ilikushinda ukaiacha nusu njia, nyongeza haitakurudishia mapenzi. Itakuchapa vile vile, kwa pesa zako. Kama uliimaliza na ukahisi unaondoka nyumbani, nunua na ufurahie.

Kanuni tunayoitumia sisi wenyewe ni hii: usilipie nyongeza ya RPG kabla hujamaliza gemu yake, au angalau kabla hujafika pale inapoanzia. RPG ni ndefu. Ile hamu uliyo nayo kwenye saa ya 15 si ahadi kwamba utafika saa ya 60. Na nyongeza haiishi dukani kama mkate. Itakuwepo mwezi ujao, tena pengine kwa bei nafuu.

Mlango mwingine unaofungwa ni wa mashine yenyewe. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa na makosa mengi, na kwenye PS4 hali ilikuwa mbaya hadi Sony ikaiondoa dukani kwa miezi kadhaa. Walioitengeneza ni wale wale wa Witcher. Walikaa nayo miaka, wakairekebisha, na Septemba 2023 wakatoa nyongeza ya Phantom Liberty kwa dola 30. Ni kazi nzuri, hadithi ya ujasusi ambayo mwigizaji Idris Elba anashiriki. Lakini nyongeza hiyo haiko kwa PS4 wala Xbox One. Ilipotoka ilikuwa kwa PS5, Xbox Series na kompyuta tu. Hapa Kenya PS4 bado ziko nyumba nyingi, kwa hivyo soma mstari unaotaja mashine kabla ya kusoma kitu kingine chochote kwenye ukurasa wa duka.

Jambo zuri la Phantom Liberty, ambalo wengi hawalijui, ni kwamba siku chache kabla yake kulitoka sasisho namba 2.0, bure kwa kila mwenye gemu kwenye mashine hizo mpya. Mfumo wa ujuzi ulitengenezwa upya, polisi wakabadilishwa, mapigano ya magari yakaongezwa. Aliyekuwa na gemu bila nyongeza alipata karibu gemu mpya bila kulipa. Ndiyo maana tunapenda kusema: wiki ambayo nyongeza inatoka, sasisha kwanza gemu yako ya zamani ucheze siku mbili tatu. Huenda kiu ikakatika hapo.

Wakikukatia mwisho wa hadithi

Kuna aina moja inayotukera. Ni pale ambapo kipande cha hadithi kinachostahili kuwa ndani ya gemu kinauzwa pembeni. Mass Effect 3 ilipotoka Machi 2012, siku hiyo hiyo kulikuwa na nyongeza ya dola 10 yenye mhusika anayeitwa Javik, wa mwisho wa kabila lililotajwa tangu gemu ya kwanza kuwa limeangamia. Huyu si pambo. Ni mtu ambaye kila mpenzi wa hadithi hiyo angetaka kumsikia akizungumza. Watu walikasirika, na tunaona walikuwa na haki. Kama mandazi yameshaiva na bado yako kwenye sufuria moja, kwa nini uniuzie sukari kando?

Fallout 3 nayo, ya 2008, ilikuwa inaisha kabisa ukimaliza hadithi kuu. Ukitaka kuendelea kuzunguka baada ya mwisho, ilibidi ununue Broken Steel iliyotoka 2009, ambayo pia ilipandisha kikomo cha viwango kutoka 20 hadi 30. Na katika Dragon Age: Inquisition, mwisho wa kweli wa hadithi uko kwenye nyongeza ya Trespasser ya Septemba 2015. Asiyeinunua anabaki na maswali.

Kwa gemu za namna hii hatusemi usinunue, maana utakosa sehemu tamu. Tunasema usubiri. Kampuni huishia kukusanya vipande vyote na kuviuza pamoja. Mass Effect zote tatu zilirudi mwaka 2021 kama Legendary Edition, na Javik yumo ndani pamoja na karibu nyongeza nyingine zote. Skyrim, ya 2011, ilirudi 2016 kama Special Edition ikiwa na nyongeza zake tatu ndani. Aliyesubiri alicheza hadithi nzima kwa malipo mamoja.

Na jina kubwa lisikupumbaze. Starfield ilipotoa Shattered Space Septemba 2024 kwa dola 30, wengi walioandika maoni Steam siku za mwanzo hawakuridhika, na hawa ni Bethesda, wenye uzoefu wa miaka mingi. Upande mwingine, Baldur's Gate 3, iliyoshinda gemu ya mwaka 2023, haikuuza nyongeza ya hadithi hata moja. Larian, walioitengeneza, waliendelea kutoa masasisho ya bure hadi 2025, likiwemo moja lililoongeza aina 12 ndogo za wahusika. Kwenye simu, Stardew Valley, gemu ya kulima yenye damu ya RPG, ilipata sasisho la 1.6 Novemba 2024 bila malipo ya ziada. Kuna wakulima wa Stardew hapa wanaovuna kuliko sisi tulio na mashamba ya kweli.

Simu ni kesi nyingine kabisa

Wengi wanaosoma hapa hawana konsoli. Wana simu. Na kwenye simu neno nyongeza hubadilika maana kimyakimya.

Chukua Genshin Impact, iliyotoka Septemba 2020. Kuipakua ni bure. Nchi zake mpya nazo ni bure: Inazuma ya 2021, Sumeru 2022, Fontaine 2023, Natlan 2024. Kila moja ni kubwa kuliko nyongeza nyingi zinazouzwa dola 30. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ndiyo nafuu kuliko zote, na kwa mtu mwenye nidhamu ni kweli. Lakini kinachouzwa pale ni wahusika, na hawauzwi moja kwa moja. Unanunua nafasi ya kubahatisha. Kila jaribio linahitaji vito 160. Mhusika wa nyota tano amehakikishwa ukifika jaribio la 90, yaani vito 14,400 kama bahati imekukataa kabisa. Na hata hapo anaweza kuwa si yule unayemtaka, ukalazimika kuanza tena. Kifurushi kikubwa cha vito kinauzwa karibu dola 100, shilingi 13,000.

Kwa Hearts of Stone unajua bei kabla ya kulipa. Kwa hii hujui. Unalipa kidogo, unakosa, unalipa tena kidogo kwa sababu tayari umelipa. Sisi tunapitisha malipo, na pengine ungetarajia tufurahie kila muamala. Lakini kwa upande wa thamani hatuwezi kuita hii nyongeza. Ukitaka kucheza, cheza bure, zinatosha. Ukiamua kulipa, amua kiasi cha mwezi kabla hujafungua gemu, na ukiweke kando kwenye kadi ya mtandaoni isiyo na pesa nyingine. Kadi ikiisha, imeisha.

Kama simu hutumiwa na watoto, ingia kwenye mipangilio ya Google Play uweke sharti la kuthibitisha kila ununuzi. Na PIN yako isiwe ile ambayo mtoto alikuona ukiiweka dukani jana. Ukiona malipo usiyoyaelewa, omba kurejeshewa ndani ya saa 48. Baada ya hapo Google huweza kukuelekeza kwa mtengenezaji wa gemu, na mambo yanakuwa marefu.

Pale pesa hupotelea

Tulisema tutarudi hapa. Malalamiko ya nyongeza kuwa mbaya ni machache. Mengi ni ya nyongeza kutofunguka.

La kwanza ni eneo. Akaunti nyingi za PlayStation hapa kwetu zimefunguliwa kama za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Nyongeza hufuata eneo la duka ulilonunulia, na diski hufuata eneo ilikotengenezewa. Vikitofautiana, havisomani. Una diski ya Ulaya, umenunua nyongeza kutoka duka la Marekani, umelipa, umepakua, gemu inasema hakuna kitu. Diski nyingine hufika hapa kutoka Uingereza, nyingine Dubai, nyingine kwenye mzigo wa jamaa aliyetoka Marekani. Geuza kasha uangalie alama ya umri. Ikiwa na neno PEGI na namba kama 16 au 18, hiyo ni ya soko la Ulaya. Ikiwa na herufi kama T au M, ni ya Marekani. Inachukua sekunde tano, na imewaokolea watu maelfu ya shilingi. Kadi za zawadi nazo ni vivyo hivyo: kadi ya dola haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, hata uibembeleze vipi.

La pili ni diski za mkono wa pili. Nyongeza hukaa kwenye akaunti, haihami na diski. Muuzaji akikwambia hii ni toleo kamili lenye nyongeza zote, uliza kama zimo ndani ya diski yenyewe au zilikuja na karatasi ya namba ya siri. Kama ni karatasi, mwenye diski wa kwanza alishaitumia. Lipa bei ya gemu tupu.

La tatu ni wauzaji wa Telegram na WhatsApp wenye bei za ajabu. Nyongeza ya shilingi 5,200 wanaitoa kwa 1,200. Mara nyingi wanachouza ni nafasi kwenye akaunti ya mtu mwingine, mnashirikiana watu wengi, na siku mwenyewe akibadilisha nenosiri kila kitu kimeenda, pamoja na rekodi za mchezo wako za miezi miwili. Ukimtumia mtu pesa kwa namba yake binafsi, kwa mfumo hayo ni malipo ya kirafiki, si ununuzi. Na mtu akishatoa hizo pesa, hakuna kitufe chetu cha kuzirudisha. Lipa kwa duka lenye jina, hakikisha jina linalotokea kwenye skrini ni lao kabla ya kuweka PIN, na hifadhi ujumbe wa uthibitisho.

Kuhusu kurejeshewa, maduka yanatofautiana na inafaa kujua kabla. Steam hukurudishia pesa za nyongeza ukiomba ndani ya siku 14, mradi hujacheza gemu husika zaidi ya saa mbili tangu uinunue nyongeza hiyo na hujaitumia ikaisha. Kuna chache zisizorejeshwa, na ukurasa wa duka husema hivyo. PlayStation pia hutoa siku 14, lakini ukianza kupakua, umekubali. Hapo ndipo wengi hunaswa, kwa sababu mkono unabonyeza kupakua kabla akili haijamaliza kufikiri. Lipa, halafu acha. Thibitisha eneo, thibitisha mashine, ndipo upakue.

Usisahau bando. Nyongeza kubwa inaweza kuwa GB kadhaa hadi makumi, na kwa anayetumia data ya simu hiyo ni sehemu ya bei. Kuna wakati bando linagharimu zaidi ya nyongeza yenyewe ikiwa kwenye punguzo. Ukiwa na rafiki mwenye intaneti ya nyumbani, mtembelee na mashine yako, na usiende mikono mitupu.

Steam huonyesha bei kwa dola kwa mteja aliye Kenya, kwa hivyo kiasi kitakachotoka kwako hutegemea kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hiyo, pamoja na ada za njia unayotumia. Acha nafasi ya shilingi mia tatu hivi juu ya hesabu yako ili malipo yasikataliwe kwa upungufu mdogo. Mapunguzo yao makubwa huja mwishoni mwa Juni, kisha karibu na mwanzo wa Oktoba, kisha Desemba. Weka nyongeza unayoitaka kwenye orodha ya matamanio na watakutumia barua pepe bei ikishuka. Kwa gemu iliyo na miaka miwili au zaidi, kushuka kwa nusu si ajabu, na ile Blood and Wine ya shilingi 2,600 tumeizungumzia muda mrefu kiasi kwamba pengine inafaa uanze na hiyo.